Mafundi wa London, 1500 hadi 1700: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo watu huuliza sana wakianza kusoma habari za mafundi wa London katika zama za watawala wa Tudor na Stuart. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni matamu. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Kwa nini London, na siyo Florence au Nuremberg?

Kwa sababu karatasi zimebaki. Vyama vya mafundi vya London viliandika karibu kila kitu: nani kaandikishwa kujifunza kazi, nani kapigwa faini kwa kumtolea msimamizi maneno machafu, nani kaleta kikombe cha fedha kama zawadi, nyama kiasi gani ililiwa kwenye karamu. Madaftari mengi yaliponea moto wa 1666 na mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo unaweza kumfuata kijana mmoja tangu siku anapowekwa chini ya bwana wake mpaka siku wenzake wanapomsindikiza makaburini. Miji michache ya Ulaya inatoa nafasi hiyo kwa watu wa kawaida kiasi hicho.

Mji wenyewe ulikuwa mkubwa kiasi gani?

Mwanzoni mwa karne ya 16 ulikuwa na watu wapatao 50,000. Kufikia mwaka 1600 walikuwa kama 200,000, na kufikia 1700 walishapita nusu milioni. Ongezeko hilo halikutokana na uzazi. London ilizika watu wengi kuliko iliowazaa, hasa miaka ya tauni, na pengo likazibwa na wahamiaji kutoka mashambani. Sehemu kubwa ya wahamiaji hao walikuwa vijana waliokuja kujifunza kazi.

Fundi alihesabiwa kuwa nani katika jamii?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani fundi alikuwa mtu wa chini tu, mwenye mikono michafu. Ndani ya Jiji la London, yaani kitovu cha kale cha mji chenye serikali yake, mgawanyiko mkubwa haukuwa baina ya mwenye kalamu na mwenye nyundo. Ulikuwa baina ya aliyepewa uhuru wa Jiji na asiyekuwa nao. Mwenye uhuru aliweza kufungua duka na kuuza rejareja, kuchukua wanagenzi, yaani vijana wa kujifunza kazi, kupiga kura za mtaa wake na kushtaki katika mahakama za Jiji. Asiye nao alifanya kazi kwa kibali cha wengine, au kwa kujificha.

Na uhuru huo ulipatikana kupitia chama cha kazi. Makadirio ya wanahistoria ni kwamba katikati ya karne ya 16 kama robo tatu ya wanaume watu wazima wa Jiji walikuwa nao. Kwa hiyo mtu alipoulizwa yeye ni nani, jibu lake la kawaida lilikuwa na vipande vitatu: jina, uraia wa London, na chama. “Fulani, raia na sonara wa London.” Hivyo ndivyo walivyojiandika kwenye wosia, na hivyo ndivyo walivyochongwa kwenye mawe ya makaburi yao.

Vyama vilikuwa vya namna gani? Ni kama vyama vya wafanyakazi vya leo?

Hapana. Chama cha wafanyakazi huwakutanisha walioajiriwa dhidi ya mwajiri. Hivi viliwaweka tajiri, fundi wa mshahara na mwanagenzi chini ya paa moja, na tajiri ndiye aliyekalia kiti. Ukitaka kitu cha kulinganisha nacho, fikiria chama cha kufa na kuzikana ambacho pia kinakagua ubora wa bidhaa zako, kinakuamulia idadi ya wanafunzi wako, kinakusuluhisha na jirani yako, na kikikasirika kinaweza kukupeleka jela.

Juu kabisa alikuwepo mkuu wa chama na wasimamizi wake, waliochaguliwa kila mwaka, pamoja na baraza la wazee. Chini yao walikuwa wavaa joho, yaani wanachama wenye uwezo waliovaa vazi rasmi la chama siku za sherehe. Chini zaidi walikuwa mafundi wadogo, walio wengi, ambao walilipa ada kila robo mwaka na hawakuwa na sauti kubwa. Manung’uniko yao dhidi ya wavaa joho yamejaa kwenye madaftari, na ukiyasoma utaona mara nyingi walikuwa na haki.

Chama gani kilitangulia kingine?

Jambo hili liliwatoa watu roho. Mwaka 1515 madiwani wa Jiji walipanga vyama 48 kwa daraja, na 12 vya juu vikaitwa vyama vikuu. Cha kwanza kilikuwa cha wafanyabiashara wa nguo za thamani, Mercers; cha tano kilikuwa cha masonara. Angalia kwamba wengi wa wale 12 ni wafanyabiashara kuliko mafundi. Maseremala, wahunzi, mafundi viatu na waashi wote walibaki nje ya kundi hilo.

Washona nguo na watengeneza manyoya waligombania nafasi ya sita kiasi cha kumwaga damu. Mwaka 1484 Meya Robert Billesden aliamua wabadilishane: mwaka huu huyu wa sita na yule wa saba, mwaka ujao kinyume chake, na kila chama kiwe kinakialika kingine chakula. Utaratibu huo unafuatwa mpaka leo.

Mtu aliingiaje kwenye chama?

Kwa njia tatu: kujifunza kazi chini ya mwanachama, kurithi haki kutoka kwa baba aliyekuwa mwanachama, au kununua. Njia ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya wengi.

Mwanagenzi aliandikishwa kwa mkataba wa miaka isiyopungua 7. Sheria ya Bunge ya mwaka 1563 iliufanya muda huo kuwa wa lazima nchi nzima, lakini London ilikuwa imeshaongeza lake: tangu 1556 hakuna aliyeruhusiwa kupewa uhuru kabla ya kutimiza miaka 24. Mkataba ulikatwa vipande viwili kwa mkato wa mawimbi, kila upande ukabaki na kipande chake, ili siku ya ugomvi vikiwekwa pamoja vionekane kuwa ni vya karatasi moja.

Mwanagenzi aliishije?

Aliishi nyumbani kwa bwana wake, akala mezani kwake na kulala popote alipoonyeshwa, mara nyingine chini ya meza ya kazi. Mkataba ulimkataza kuoa, kuzini, kucheza kamari na kushinda vilabuni. Baadaye majumba ya michezo ya kuigiza yaliongezwa. Bwana naye aliahidi kumfundisha kazi na siri zake, kumlisha, kumvika, na kumrudi kwa kiasi. Hilo neno “kwa kiasi” lilizaa kesi nyingi.

Mavazi yalikuwa vita nyingine. Mwaka 1582 Jiji liliagiza wanagenzi wavae kofia ya sufu na nguo za rangi za kawaida bila mapambo, na wasithubutu kugusa hariri. Agizo kama hilo hutolewa pale tu watu wanapokuwa wanafanya kinyume chake, na ni wazi vijana wa Cheapside, mtaa mkuu wa maduka, walikuwa wanapendeza kuliko mabwana walivyotaka.

Jumanne ya kuamkia Kwaresima ilikuwa siku yao ya fujo. Mwaka 1617 walivamia jumba la maigizo la Cockpit kule Drury Lane na kuliharibu vibaya. Wakuu wa Jiji waliwaogopa, na wakati huohuo waliwahitaji, kwa sababu ndio waliokuwa mikono ya kila karakana.

Je, wote walimaliza?

Hapana. Zaidi ya nusu hawakufikia uhuru. Wengine walikufa, wengine walitoroka, wengine walirudi kwao na ujuzi wa nusu njia, ambao kijijini ulitosha kabisa.

Aliyejifunza chini ya sonara alilazimika kuwa sonara?

La, na hili huwachanganya wasomaji sana. Kwa desturi ya London, mtu akishapata uhuru wa Jiji kupitia chama chochote, aliweza kufanya biashara yoyote halali. Ndiyo maana unakuta mwanachama wa chama cha wauza chuma anauza kitani. Ben Jonson, mwandishi wa tamthilia, alikuwa mwanachama wa chama cha waezekaji na wajengaji matofali. John Heminges, mwigizaji mwenza wa Shakespeare, alikuwa na uhuru kupitia chama cha wauza viungo, na akautumia kuandikisha vijana wa kuigiza kama wanagenzi wa chama hicho. James Burbage, aliyejenga jumba la The Theatre huko Shoreditch mwaka 1576, alianza kama fundi samani.

Kwa hiyo jina la chama halikueleza mikono ya mtu inafanya nini. Lilieleza nani atamzika, nani atamkopesha, na atakaa kiti gani kwenye karamu. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo siri ya utambulisho wa mafundi hawa: ujuzi ulikuwa wa mtu mwenyewe, lakini jina “fundi” alilipewa na wenzake, na waliweza kumnyang’anya.

Basi ujuzi wa mkono haukuwa na heshima yake?

Ulikuwa nayo, tena sana, hasa pale kazi yenyewe ilipokuwa ngumu. Mwaka 1607 chama cha masonara kililalamika kwamba ufundi umetawanyika mno: huyu anajua kufua tu, yule kuchora tu, mwingine kung’arisha tu, na waliobaki wenye uwezo wa kutengeneza chombo kizima toka mwanzo hadi mwisho bila kusaidiwa ni wachache. Dawa waliyoona ni kumtaka kijana atengeneze kazi ya majaribio, na aifanye ndani ya ukumbi wa chama, mbele ya macho ya watu, asije akamlipa mwenzake amfanyie.

Ukitaka kuona fundi aliyejengewa jina na mikono yake, mtazame Elias Allen, mtengenezaji wa ala za hisabati aliyekuwa na duka mtaa wa Strand na kufariki mwaka 1653. Alitengeneza saa za jua, roboduara na ala za kukokotolea za shaba, alama zake zimechongwa kwa usafi wa ajabu. Wanahisabati walikutana dukani kwake. Mmoja wao, William Oughtred, alimpa michoro ya ala alizobuni azitengeneze. Allen alichorwa picha, amezungukwa na ala zake. Mfanyakazi wa mikono kuchorwa hivyo, akionyesha kazi yake badala ya kuificha, si jambo dogo kwa zama zile.

Mipaka baina ya kazi na kazi ilichorwaje?

Kwa kesi. Mfano mzuri ni ugomvi wa maseremala na mafundi samani. Nyumba za London zilikuwa za mbao, na maseremala ndio waliozijenga. Mafundi samani walikuja baadaye na kazi safi zaidi, ya kabati, viti na mbao za kupamba kuta. Nani basi atengeneze meza? Mwaka 1632 madiwani waliamua: kazi ya kuunganisha kwa ulimi na tundu, kwa mkia wa njiwa au kwa gundi ni ya mafundi samani; iliyopigiliwa misumari tu ni ya maseremala. Kwenye karatasi mambo yalikwisha. Mtaani waliendelea kuibiana kazi.

Kumbi za vyama zilikuwa na nini ndani?

Swali zuri, maana ukumbi ndio uliokuwa uso wa chama. Vyama vingi vilipata kumbi kwa kununua au kurithi nyumba za wakubwa, kisha vikaongeza chumba kikuu cha karamu, chumba cha baraza, jiko, ghala la silaha, na mara nyingi bustani.

Ndani, kila kitu kilikuwa na jina la mtu. Mwanachama alipofikia cheo alitarajiwa kuleta zawadi: kikombe cha fedha, vijiko, kitambaa cha meza, dirisha la vioo vya rangi. Jina lake au alama yake ilichongwa juu yake. Kila karamu vyombo vilitolewa na majina yakaonekana tena, kwa hiyo mtu aliyekufa miaka 50 iliyopita aliendelea kuwepo mezani.

Mafundi wengine walileta kazi ya mikono yao wenyewe. Mwaka 1528 William Vynard alikipa chama cha watengeneza silaha za kujikinga sanamu ya Mtakatifu George juu ya farasi, amevaa vazi kamili la chuma lililofuliwa kwa ustadi uleule wa mavazi ya vita, ila dogo. Mgeni akiingia ukumbi wao wa Coleman Street alielezwa bila neno watu hawa wanafanya kazi gani na wanaiweza kiasi gani.

Maseremala walitumia ukuta. Katika nusu ya pili ya karne ya 16 walichoresha picha nne za Biblia kwenye ukumbi wao, na uchaguzi wa visa unachekesha kwa ujanja wake. Nuhu anajenga safina. Mfalme Yosia anaagiza hekalu likarabatiwe. Yesu mtoto yupo karakanani kwa Yosefu. Yesu mkubwa anafundisha katika sinagogi, pale ambapo watu wanaulizana kama huyu si yule mwana wa seremala. Visa vyote vinne vinahusu mbao, ujenzi au ukoo wa fundi. Picha hizo zilifunikwa baadaye na kusahauliwa hadi mfanyakazi mmoja alipozifukua mwaka 1845. Uingereza ilikuwa imeshageuka kuwa ya Kiprotestanti zilipochorwa, na picha za watakatifu zilikuwa hatari. Maseremala wakapita katikati kwa kuchagua Maandiko matupu, na wakajisifia humohumo.

Matengenezo ya kidini yalibadilisha nini?

Mengi. Kabla yake chama kilikuwa pia undugu wa kidini, chenye mtakatifu wake, mishumaa, na misa za marehemu. Masonara walikuwa na Mtakatifu Dunstan, ambaye inasemekana mwenyewe alifua vyuma. Sanamu yake ya fedha iliyopakwa dhahabu na kupambwa vito ilivunjwavunjwa mwaka 1547. Mwaka uliofuata Taji, yaani serikali ya mfalme, lilichukua mali zilizowekwa kwa ajili ya misa za wafu, na vyama vililazimika kuyakomboa mapato hayo kwa fedha nyingi.

Kilichobaki ni karamu na mazishi. Vyama kadhaa bado vina vitambaa vya kufunikia jeneza vya mwanzoni mwa karne ya 16, vya mahameri na nyuzi za dhahabu. Mwanachama mwenye uwezo alifunikwa kwa kitambaa hicho, wenzake wakatembea nyuma yake, na faini ilikuwepo kwa asiyetokea.

Ukaguzi wa bidhaa ulifanyikaje?

Wasimamizi walizunguka madukani na kwenye maonyesho ya biashara, wakiwa na haki ya kuingia, kupima, kukamata na kuvunja. Washona nguo walikuwa na fimbo ya fedha ya urefu wa yadi, ambayo walienda nayo kwenye maonyesho ya Mtakatifu Bartholomeo huko Smithfield kila Agosti kupimia vijiti vya wauza nguo. Kijiti kikipunguka, kesi.

Lakini waliofika mbali zaidi ni masonara. Tangu mwaka 1300 chombo cha fedha kilitakiwa kigongwe mhuri wa kichwa cha chui. 1363 ukaongezwa mhuri wa fundi mwenyewe. 1478 ikaja herufi ya mwaka, na upimaji ukawekwa ndani ya ukumbi wao wa Foster Lane. Kiwango kilikuwa sehemu 925 za fedha safi katika 1,000.

Upimaji ulikwenda hivi. Mpimaji alikwangua chembe za fedha kutoka kwenye chombo, kila kipande chake, maana wajanja waliweka fedha mbovu kwenye kishikio au kitako. Akazipima kwa mizani ndogo sana, akazifunga ndani ya risasi, akaziweka kwenye kikombe kidogo cha majivu ya mifupa, akatia tanuruni. Joto lilipopanda, risasi iliyeyuka na kunywewa na kikombe pamoja na shaba na uchafu wote. Ikabaki tone moja la fedha safi linalong’aa. Alilipima tena, tofauti ya uzito ikaonyesha kiasi cha madini mengine yaliyochanganywa. Chombo kilichofaulu kiligongwa mihuri, kilichoshindwa kilivunjwa papo hapo na kurudishiwa mwenyewe kama vipande.

Kughushi mihuri hiyo kulionekana kama kuiba heshima ya wote. Mwaka 1597 masonara wawili walipatikana na kosa hilo. Walisimamishwa mbele ya umma masikio yamepigiliwa misumari kwenye mbao, karatasi juu ya vichwa ikieleza kosa lao, kisha wakapitishwa Foster Lane, mtaa wa masonara wenzao, wakielekea jela. Njia hiyo haikuchaguliwa kwa bahati.

Wanawake walikuwa wapi?

Karakanani, ila si kwenye daftari. Mke wa fundi aliendesha duka, alihesabu fedha, alilisha wanagenzi na mara nyingi alijua kazi sawasawa na mumewe. Wasichana walioandikishwa kuwa wanagenzi walikuwepo, ila wachache. Mjane ndiye aliyeonekana kisheria: aliruhusiwa kuendelea na karakana, kuwaweka wanagenzi wa marehemu na hata kuandikisha wapya. Kwenye baraza la chama hakukaa kamwe. Mjane mwenye karakana inayokwenda vizuri alikuwa pia mchumba anayetafutwa, na mafundi wa mshahara wasio na mtaji walilijua hilo vizuri.

Wageni walipokelewaje?

Inategemea mgeni gani na mwaka gani. Mtu wa kutoka Kent asiye na uhuru wa Jiji alihesabiwa mgeni. Mfaransa au Mholanzi alikuwa mgeni zaidi, na ndiye aliyelaumiwa mkate ulipopanda bei. Tarehe 1 Mei 1517 wanagenzi na watu wengine walivamia nyumba na maduka ya wageni; kadhaa walinyongwa baadaye. Mwaka 1595 wafumaji wa hariri waliandika malalamiko makali dhidi ya wafumaji wa kigeni, na mmoja wa waliotiwa jela kwa ajili hiyo alikuwa Thomas Deloney, mfumaji aliyekuwa pia mwandishi, ambaye baadaye alipata jina kwa hadithi za kuwasifu wafumaji na mafundi viatu.

Wakati huohuo kila mtu alinunua kazi zao. Vioo vizuri vilitengenezwa na Jacopo Verzelini wa Venice, aliyepewa hati ya kifalme mwaka 1575. Wakimbizi Waprotestanti kutoka Flanders na Ufaransa walileta ufumaji mpya, saa na uchongaji, na tangu 1550 walikuwa na kanisa lao Austin Friars. Wengi walikaa Southwark, ng’ambo ya mto Thames, au kwenye viunga ambako mkono wa vyama haukufika vizuri.

Je, kulikuwa na mafundi Waafrika?

Ndiyo. Anayejulikana zaidi ni Reasonable Blackman, mfumaji wa hariri aliyeishi Southwark miaka ya 1580 na 1590. Hakuwa mtumwa wala mtumishi. Aliishi kwa kazi yake, alioa na kuzaa. Habari zake tunazipata kwenye vitabu vya parokia, zikiwemo za watoto wake wawili waliozikwa wakati wa tauni ya 1592. Hariri ilikuwa fasheni na kazi mpya, na Southwark palikuwa mahali pa watu wasio na chama, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kidogo.

Baadaye ulifungwa kwa maandishi. Mwaka 1731 madiwani wa Jiji waliamuru kwamba watu weusi wasiandikishwe kuwa wanagenzi katika chama chochote cha London. Ukikumbuka kwamba unagenzi ndio uliokuwa njia kuu ya kupata uhuru wa Jiji, utaona amri hiyo ilikata nini.

Kuna uhusiano wowote na pwani yetu ya Afrika Mashariki?

Mdogo, lakini upo. James Lancaster, mwanachama wa chama cha watengeneza manyoya, alitia nanga Zanzibar na meli ya Edward Bonaventure mwishoni mwa 1591 na kukaa hadi Februari 1592. Mwaka 1601 aliongoza safari ya kwanza ya Kampuni ya Mashariki ya India. Alipokufa aliacha mali kwa chama chake, ingawa sina shaka kwamba hakuwahi kushona hata ngozi ya sungura.

Bidhaa za Bahari ya Hindi zilionekana kwenye maandamano ya Meya mpya kila Oktoba. Mwaka 1617, Meya alipotoka chama cha wauza viungo, walirushia watu barabarani kungumanga, tangawizi, tende na sukari. Na chama cha watengeneza visu kina tembo kwenye nembo yake, kwa sababu mipini mizuri ilikuwa ya pembe za ndovu.

Tunaweza kumsikia fundi mwenyewe akizungumza?

Mara chache. Bahati kubwa ni Nehemiah Wallington, fundi wa kukereza mbao wa Eastcheap, aliyeishi 1598 hadi 1658. Alijaza madaftari 50 hivi kwa mkono wake, na 7 yamebaki. Aliingia chama cha wakereza kupitia haki ya baba yake, mwaka 1620. Alikuwa Mpuritani, yaani Mprotestanti wa msimamo mkali, mwenye wasiwasi usiokwisha: alijiwekea kanuni na kujitoza faini za kuwapa maskini kila alipozivunja, alijilaumu kwa kununua vitabu ilhali ana madeni, alishangaa kila alipopata fedha ya kulipia bidhaa siku ileile deni linapoiva. Alizika watoto wake wote isipokuwa binti mmoja. Fundi wake wa mshahara alimwibia kwa muda mrefu kabla hajagundua, jambo linaloonyesha alikuwa msimamizi mbovu wa duka.

La ajabu ni kwamba kuhusu kazi yenyewe, patasi, aina za mbao, mguu wa kiti, anaandika kidogo sana. Alichokiona kinafaa kuandikwa ni roho yake na habari za vita vya Bunge na Mfalme. Kila mara mtu anapodai kwamba kazi ilikuwa ndiyo utambulisho wote wa fundi, mimi humkumbuka Wallington.

Nini kilivunja nguvu za vyama?

Mji kupita kuta zake, kwanza kabisa. Kufikia katikati ya karne ya 17 wakazi wengi walikuwa nje ya mamlaka ya Jiji, na msimamizi hawezi kukagua asikofika. Moto wa Septemba 1666 uliteketeza kumbi 44, na sheria ya ujenzi ya 1667 ikawaruhusu wajenzi wasio na uhuru wa Jiji waje kufanya kazi, maana wenyeji wasingetosha. Kifungu cha unagenzi cha sheria ya 1563 kilifutwa mwaka 1814. Sharti la kuwa na uhuru ndipo uuze rejareja ndani ya Jiji liliondoka 1856.

Vyama hivyo vipo hadi leo?

Vipo zaidi ya 110, vingine vya majuzi kabisa. Vingi sasa vinashughulikia shule, misaada na karamu, na wavaa joho bado hushiriki kumchagua Meya wa Jiji. Masonara ni kati ya walioshikilia kazi ya zamani: fedha na dhahabu bado hupimwa na kugongwa mihuri palepale Foster Lane.

Nikitaka kumtafuta fundi fulani kwa jina, nianzie wapi?

Anzia kwenye hifadhidata ya bure ya mtandaoni iitwayo ROLLCO, yenye majina ya wanagenzi na wanachama wa vyama kadhaa vya London kati ya 1400 na 1900. Jaribu tahajia tofautitofauti za jina, maana makarani waliandika walivyosikia. Ukipata mkataba, angalia jina la baba, kijiji na kazi yake. Mara nyingi hapo ndipo utakapokuta kwamba sonara wako wa Cheapside alikuwa mtoto wa mkulima.